Arzella Pettis wa Meza ya Kodi, 1954–2016

Mchungaji, mashemasi, wafiwa wenzangu, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imeniteua mimi, Cleotha Gatewood, mdogo wake wa mwisho, nisome maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, maana si yote yaliyomo humu ni mazuri, na yeye mwenyewe alitukataza kumpaka sukari siku akilala mbele ya watu.

Dada yetu Arzella alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, katika nyumba ya wafanyakazi wa shamba la pamba, maili sita nje ya mji wetu huu wa Mosley Bend, hapa Delta, jimbo la Mississippi, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa marehemu Hosea na marehemu Lueberta Gatewood, na mama alikuwa akisimulia kwamba siku ile mvua ilinyesha hata mkunga akafika amekwisha kuvua viatu, akamkuta mtoto amezaliwa tayari na analia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa.

Alianza masomo mwezi Septemba 1960 katika shule ya watoto weusi ya wilaya, shule ambayo siku hizo ilifungwa kila pamba ilipokuwa tayari ili watoto wakachume, na kwa kuwa baba yetu hakujua kusoma, Arzella ndiye aliyekuwa akimsomea kila karatasi iliyoingia nyumbani ikiwa na muhuri, akisimama karibu na jiko, na aliwahi kusema kwamba jambo alilolijua mapema kuliko yote duniani ni sura ya baba akiiona bahasha ya serikali, jinsi alivyokuwa akiifuta mikono yake kwenye suruali kabla ya kuigusa, mtu ambaye hakuwa akiogopa nyoka wala bosi. Aliacha shule mwezi Novemba 1970, akiwa darasa la kumi na moja, mama alipopata kiharusi, akarudi nyumbani kumwogesha na kumlisha, na mama akafariki mikononi mwake tarehe 2 Aprili 1973.

Tarehe 14 Juni 1975, katika kanisa hili hili la Mlima Nebo, alifunga ndoa na marehemu Lucious Pettis, dereva wa lori la chakula cha samaki, mtu wa mzaha ambaye hata Mchungaji wa wakati ule alishindwa kumfungisha ndoa bila kucheka, nao wakajaliwa watoto wawili, Nadine, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1977, ambaye yupo hapa mbele yetu na amekuja kutoka Memphis, na Rufus, aliyezaliwa tarehe 18 Oktoba 1979, ambaye yupo jeshini na tumeambiwa ndege yake imetua asubuhi hii. Mwezi Machi 1981 dada yetu aliajiriwa katika kiwanda cha kambare, kitengo cha kukata minofu, akisimama kwenye maji baridi na kisu mkononi, na alifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na mitano, mpaka mwaka 2006 vidole vyake vilipokataa kukunjuka, na wale wenzake wa kiwandani waliopo hapa wanajua habari hiyo bila mimi kuieleza, wengi wao vidole vyao viko hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye ile kazi ambayo wengi wenu ndiyo iliyowaleta hapa leo.

Mwezi Januari 1999, Bi Corinne Whitlow, mwalimu mstaafu, alisimama mahali niliposimama mimi, baada ya matangazo, akasema kuna nafuu ya kodi ambayo serikali humrudishia mfanyakazi wa mshahara mdogo mwenye watoto, hata kama kodi aliyokatwa ni ndogo kuliko anachorudishiwa, na kwamba watu wengi wa mji huu ama hawaidai kabisa, ama wanaidai kupitia duka fulani pale barabara kuu ambalo linawakata sehemu kubwa kwa kuwajazia karatasi tu, naye anatafuta watu wa kufundishwa ili waifanye kazi hiyo hapa ukumbini bure. Walipofika nyumbani, Lucious alimwangalia mkewe akiwa anakaanga samaki, akamwambia, "Mama Nadine, naona umekaa kimya sana. Usije ukaniambia unakwenda kwa yule mwalimu."

"Nakwenda," akasema Arzella.

"Serikali ikurudishie wewe hela? Basi uiombe ikurudishie na nywele zangu."

"Nywele zako hukukatwa kwenye mshahara, Lucious. Sogea, mafuta yatakurukia."

Akaenda, akafundishwa, akafanya mtihani akashindwa, akarudia akafaulu, na karatasi za kwanza alizojaza zilikuwa za nyumba yake mwenyewe, na hapo ndipo Bi Whitlow alipomwonyesha kwamba yeye na mumewe walistahili nafuu ile tangu Nadine akiwa mdogo, na kwamba sheria inaruhusu kurudi nyuma miaka mitatu tu, miaka mingine yote imekwisha kupotea. Bi Whitlow alidhani atafurahi. Dada yetu aliinama juu ya meza akalia mpaka watu wa kwaya waliokuwa wakifanya mazoezi wakanyamaza, kwa sababu kati ya miaka hiyo iliyopotea kulikuwa na majira ya baridi ya mwaka 1985, umeme ulipokatwa na Nadine akalazwa kwa homa ya mapafu, akaokoka kwa tabu, na sikio lake la kushoto halijasikia tena sawasawa mpaka leo. Alimwambia Bi Whitlow, "Kumbe ilikuwepo. Miaka yote ile nilikuwa namfunika mtoto magazeti, na hela ilikuwepo."

Tangu mwaka huo, kila Jumamosi kuanzia mwisho wa Januari mpaka katikati ya Aprili, alikaa kwenye ile meza karibu na dirisha la jikoni, akiwa na koti lake la kijani, na watu walikuja na karatasi zao kwenye mifuko ya plastiki, kwenye makopo ya biskuti, wengine kwenye soksi, na alikuwa na ukali wake, nani asiyeujua, mtu akisema, "Bi Arzella, mimi sipendi kuombaomba serikalini," alikuwa akimjibu, "Nani kakwambia uombe? Umewabeba wazee wa watu mgongoni mwaka mzima kwenye ile nyumba ya kulelea wazee, umelipwa mshahara wa kitoto, hii ni yako, keti chini uvue kofia." Lucious naye, pamoja na mizaha yake, ndiye aliyekuwa akiwasha jiko la ukumbi alfajiri na kupika kahawa, mpaka tarehe 7 Mei 2003, alipofariki kwa moyo akiwa kwenye lori lake kando ya bwawa la samaki, injini ikiwa bado inanguruma. Msimu uliofuata dada yetu aliwasha jiko mwenyewe.

Mwezi Agosti 2012 madaktari walimwambia figo zake zimekwisha, akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu katika mji wa jirani, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na sote tulimwomba aiache meza. Alikubali. Lakini Februari 2013, siku ambayo alikuwa amekuja kumkabidhi Bi Whitlow ufunguo wa kabati, aliingia Shondra Beal.

Shondra yupo hapa, ameniruhusu niyasome haya, na kuna maneno humu ambayo ni yeye aliyetaka yasomwe. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mwogeshaji wa wazee katika ile nyumba ya kulelea wazee, naye alikuwa akiwalea watoto wawili wa dada yake Tawanna aliyefariki mwaka 2011, Jakobe, wa miaka kumi na mmoja, na Aniyah, wa miaka saba, wakiishi katika nyumba ya trela iliyo nyuma ya uwanja wa mbao, ambayo alipanga kwa Bwana Dabney, na alikuwa nyuma ya kodi ya nyumba tangu Krismasi, hivyo hela ya Februari ndiyo iliyokuwa tumaini lake lote. Dada yetu aliketi akamjazia, karatasi zikaenda, na badala ya hela, mwezi Machi ikaja barua kwamba dai lake limesimamishwa mpaka athibitishe kwamba watoto wale walikuwa wakiishi naye kwa zaidi ya nusu ya mwaka.

Mtu asiyejua ataona hilo ni jambo jepesi. Watoto wapo, kitanda kipo, jirani anawasikia wakigombana. Lakini shuleni anwani ya watoto ilikuwa bado ni ya mama yao aliyekufa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuibadilisha wakati wa msiba, zahanati ilikuwa na jina la Shondra lakini bila tarehe za kutosha, na karatasi ya mahakama ya kuwalea hakuwa nayo, maana nani kati yetu hapa anakwenda mahakamani kumchukua mtoto wa dada yake? Unamchukua tu. Ilibaki barua ya mwenye nyumba, na Arzella akaenda kwa Bwana Dabney mara ya kwanza, akakuta mlango umefungwa na redio inasikika ndani, akaenda mara ya pili akamkuta barazani.

"Bi Arzella, mimi siweki sahihi yangu kwenye karatasi za kodi za mtu," akasema Bwana Dabney.

"Andika tu kwamba watoto wanalala pale. Maneno matatu."

"Nikiandika wanalala pale, kesho wataniuliza mimi nalipwa ngapi, na hizo nimeziweka wapi."

"Kwa hiyo unaogopa."

"Naogopa. Kwani wewe huogopi?"

"Naogopa kuliko wewe," akasema Arzella. "Ndiyo maana nimekuja mara ya pili."

Hakuandika. Na hatumlaumu leo mbele ya jeneza, amekuja, ameketi pale, tumwache.

Miadi ya ofisi ya kodi kule Jackson ilipatikana kwa siku ya Jumatano, tarehe 12 Juni 2013, siku ya mashine, na nafasi nyingine isingepatikana kabla ya mwisho wa muda wa kujibu barua, na Nadine alipopata habari alipiga simu kutoka Memphis akilia, akisema, "Mama, unataka kufa kwa ajili ya kodi ya mtu baki?" Dada yetu akamjibu, "Si kodi, mwanangu, ni nyumba. Yule hana nyumba baada ya mwezi huu," na Nadine akasema, "Na mimi nikikosa mama?" na Arzella akakata simu, na aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote hilo ndilo swali alilolikimbia.

Mimi ndiye niliyewaendesha. Shondra alikaa nyuma na watoto, Jakobe amevaa tai ya marehemu babu yake iliyomfika magotini, na Aniyah akaimba njia nzima mpaka tukamwomba apumzike, na dada alikaa mbele na miguu yake imevimba kiasi kwamba alivaa viatu vyangu. Kijana aliyetupokea ofisini alikuwa na adabu, alimvutia dada kiti, akatazama kompyuta yake, akasema, "Mama, karatasi zenu naziona, zimefika zote."

"Basi zisome."

"Sizisomi mimi. Zinasomwa jimbo lingine, na foleni ni ndefu."

"Na huyo wa jimbo lingine, anawaona watoto hawa?" Dada akamshika Aniyah mabega akamsogeza mpaka tumbo la mtoto likagusa meza. "Huyu hapa. Huyo mwingine ni kaka yake. Waulize wanalala wapi. Muulize huyu nani anamsuka nywele."

Yule kijana aliwatazama watoto kwa muda, uso ukamwiva, akasema, "Samahani sana, mama. Nakuamini. Lakini hakuna mahali pa kuliandika hilo."

Tulirudi, na kabla ya kufika Mosley Bend dada alianza kushindwa kupumua, nikapita mji moja kwa moja hadi hospitali, akalazwa kwa majuma mawili, na madaktari wakamwambia maji yalikuwa yamefika kwenye mapafu na kwamba moyo wake hautakuwa tena kama zamani, na haukuwa.

Oktoba 2013 jibu likaja, dai limekataliwa. Shondra alilileta kitandani kwa dada yetu akiwa amelikunja kidogo sana, kama mtu anayeficha kitu cha aibu, akasema, "Bi Arzella, wanasema mimi mwongo," na dada akamwambia, "Hawajasema mwongo, wamesema hujathibitisha," na Shondra akasema, "Mimi ninavyoisoma ni neno hilo hilo." Mwezi Novemba Bwana Dabney alimtoa, vitu vikawekwa kando ya barabara, mvua ikanyesha kwenye magodoro, na Arzella akawachukua wote watatu nyumbani kwake, wakalala katika chumba cha Rufus na sebuleni, wakala pamoja Sikukuu ya Shukrani, ingawa dada yetu, kwa ajili ya figo zake, hakuruhusiwa kula nusu ya vilivyokuwa mezani.

Ndugu wa baba yake Jakobe, kutoka Chicago, walisikia habari za magodoro, wakaja Desemba wakasema watamchukua mtoto wa kiume kwa muda, mpaka mambo yatengemae. Shondra hakutaka. Lakini alikuwa akifanya kazi zamu mbili, na nyumba ilikuwa na mgonjwa, na watu wale walikuja na gari zuri na maneno ya upole, na Jakobe mwenyewe alisema, "Mama mdogo, nikienda mimi Aniyah atapata kitanda." Akaenda tarehe 21 Desemba 2013. Arzella alimwahidi mlangoni, "Hela ikitoka, mama yako mdogo anakufuata siku hiyo hiyo."

Kwa ahadi hiyo dada yetu aliishi miezi kumi na mitano iliyofuata. Alimpata wakili mmoja kijana wa msaada wa bure, Bi Ingrid Sorensen, ambaye yupo pale dirishani, akaifungua kesi mahakama ya kodi, na kati ya siku za mashine dada alikuwa akipiga simu, akifuata watu, akibembeleza, akitukana pia, Mungu amsamehe, mpaka siku moja akiwa dukani akamkuta Bwana Elroy Tate, dereva wa basi la shule, akanunua soda, na katika kuzungumza Bwana Tate akasema kwamba yeye aliwachukua watoto wale wote wawili pale uwanja wa mbao kila asubuhi ya shule, na kwamba yule mdogo alikuwa akisahau begi lake na Shondra akilikimbilia basi akiwa amevaa nguo za kulalia. Arzella alimwambia, "Elroy, utasema hivyo chini ya kiapo?" Naye akajibu, "Bibi, mimi na zile nguo za kulalia? Nitasema mpaka rangi yake." Akaapa, akaandika, mwalimu wa Aniyah akaandika pia, na tarehe 19 Februari 2015, kabla kesi haijasikilizwa, ofisi ya kodi ikakubali kwamba Shondra alisema kweli tangu mwanzo.

Hela ikatoka Machi. Shondra alipanga nyumba ndogo yenye vyumba viwili kwenye mtaa wa shule, akanunua kitanda cha Jakobe kabla ya kununua cha kwake, akaja kwa dada yetu ili wapige simu wakiwa pamoja, na simu ilikuwa imewekwa sauti juu ya meza, hivyo sote tuliokuwa sebuleni tulisikia.

"Jakobe, baba, imetoka. Nakuja Ijumaa."

Sauti ikaja, nene, si ya yule mtoto wa tai. "Mama mdogo, hapa nipo kwenye timu. Tuna mechi."

"Basi baada ya mechi."

"Mama mdogo, nitarudi kufanya nini huko? Huku nimeshazoea." Halafu akauliza, kwa adabu tu, kama mgeni, "Aniyah hajambo?"

Shondra alisema hajambo. Akaizima simu. Aniyah alikuwa jikoni, akauliza anakuja siku gani.

Baada ya siku ile dada yetu hakuwa yule tuliyemjua. Watu walikuja kumpongeza, kanisa likamwimbia, gazeti la wilaya lilitaka picha akalifungia mlango, na nilipomwambia, "Dada, si mlishinda?" alinitazama kwa macho makavu, akasema, "Cleotha, nimewaambia watu miaka yote kwamba ni haki yao, nikawafanya wangoje, nikawafanya wajiandikishe na kuapa. Haki gani inafika mtoto akiwa amesahau kitanda chake? Nilimwambia Shondra asubiri. Angekwenda kukopa kwa riba, angeiba, angefanya lolote, lakini mimi nilimwambia asubiri." Nilijaribu kumpinga. Aligeukia ukuta. Msomaji wa historia kama hii hutakiwa kusema kwamba marehemu alipata faraja, nami sitasema hivyo, kwa kuwa sikuiona. Msimu ule wa 2015 uliisha bila yeye kukanyaga tena ukumbini, na Bi Whitlow alipokuja mwezi Desemba kumwomba walau aketi tu mlangoni awape watu moyo, alimjibu, "Corinne, moyo sina wa kwangu. Tafuta mwingine."

Mwanzoni mwa Januari mwaka huu madaktari walituambia moyo wake unasukuma kwa shida na kwamba tuanze kujiandaa, Nadine akaja kukaa naye, na mama na mwana walizungumza mengi ambayo ni yao. Jumatatu tarehe 25 Januari, alipokuwa ametoka kwenye mashine na amelala kwenye kochi, mlango uligongwa, na alikuwa ni kijana mmoja wa kiwandani, baba wa watoto wawili, amekuja na gwanda lake la kazi na harufu yote ya samaki, na karatasi zake kwenye mfuko wa mkate, ameelekezwa na mtu asiyejua kwamba dada aliacha. Nadine alimwambia mlangoni mama ni mgonjwa. Sauti ikatoka kwenye kochi, dhaifu, lakini na ule ukali, "Umesimama kwenye maji?"

"Ndiyo, mama."

"Muda gani?"

"Mwaka wa tatu huu, mama."

"Na hujawahi kudai?"

"Waliniambia duka linakata nyingi, na wengine wanashikiliwa hela zao, nikaona bora niache."

Nadine anasema mama yake alimwambia yule kijana aketi, akachukua mfuko wa mkate, akazitoa karatasi moja moja kwa vile vidole visivyokunjuka, akazitazama, na hakumwahidi kitu. Alimwambia, "Sikudanganyi. Wanaweza kukushikilia hela na wewe. Wanaweza kukuchelewesha mpaka ikukute imekuwa haina maana. Leo, kabla hujalala, nenda shuleni kwa watoto ukahakikishe anwani ni yako." Alitaka kuendelea, kalamu ikamponyoka, Nadine akaiokota, ikamponyoka tena. Akamrudishia mfuko wake, akasema, "Siwezi. Njoo ukumbini Jumamosi ya tarehe sita, mwaka huu wanaanza siku hiyo, watakuwepo."

Jumatano, tarehe 27 Januari 2016, saa nne na nusu asubuhi, dada yetu Arzella Gatewood Pettis alifariki dunia kwenye kiti cha kusafishia damu, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake, akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake mmoja, na kwa agizo lake mwenyewe nasoma pia majina ya Aniyah Beal, aliyeketi na familia, na Jakobe Beal wa Chicago, ambaye tulimpelekea habari na hatujapata jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kituo cha kusafishia damu, ambao walizoea kugombezwa naye na bado wakampenda, majirani wa mtaa wetu walioleta chakula hata friji ikakataa kufungwa, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha kambare, waliokatwa mshahara wa leo ili wawepo hapa, Bwana Tate, wakili Bi Sorensen, na Bi Corinne Whitlow, ambaye ana miaka themanini na mbili na bado alipanda ngazi zile bila kushikwa.

Nina tangazo moja, nimeambiwa nilisome hapa hapa. Leo ndiyo Jumamosi yenyewe ya tarehe sita. Hakuna aliyekumbuka kubandua notisi mlangoni, na tangu saa mbili asubuhi watu wamekuwa wakifika na karatasi zao, wamekuta msiba, hawakuondoka, wamekaa ukumbini wakiwa wamevua kofia, na yule kijana wa mfuko wa mkate ni mmoja wao. Kwa hiyo baada ya makaburini chakula kitakuwa upande wa jukwaa, na upande wa dirisha la jikoni meza mbili zitaachwa wazi. Ya kwanza atakaa Bi Whitlow. Shondra Beal aliapa mbele yetu sote kwamba hataigusa karatasi ya kodi mpaka anaingia kaburini, hatumlaumu, na hatutamwomba. Meza ya pili haina mtu. Anayejua kusoma na hana haraka ya kurudi nyumbani, mafunzo ni Jumanne jioni, na kwa leo kazi yake itakuwa kuwapokea watu, kuwapa kahawa, na kuwaambia ukweli, kama alivyousema yeye.

Dada yetu Arzella, hatuna cha kukuongezea. Umechoka, na tuliona ulivyochoka. Lala, upumzike kwa amani.